Kila Skani na Swali Lake: Kuzielewa Picha Baada ya Kuambiwa Ni Saratani

Asubuhi ya siku yoyote ya kazi, kwenye matatu zinazoingia Kisumu kutoka Busia, Siaya, Vihiga na Homa Bay, hukosi abiria aliyepakata bahasha kubwa ya kaki. Ndani mna filamu, CD na karatasi mbili za ripoti. Bahasha hiyo inalindwa kuliko pochi, ilhali mwenye nayo mara nyingi hajui imesema nini. Ripoti ni ya Kiingereza cha hospitali, imejaa milimita, na neno analolitafuta, iwe "umepona" au "imesambaa", halimo.

Halimo kwa sababu skani haitoi jibu la aina hiyo. Skani inaonyesha umbo, ukubwa, mahali kitu kilipo na jinsi kinavyotofautiana na nyama iliyokizunguka. Jina la ugonjwa linatoka maabara, kwenye kipande kidogo cha nyama kilichokatwa au kuvutwa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini, yaani biopsi. Ndiyo maana familia nyingi huuliza, na wana haki ya kuuliza: kama biopsi imeshathibitisha kansa, hizi picha zingine ni za nini, na kila moja inakula pesa?

Ni kwa sababu kila picha inatumwa na swali lake. Ya kwanza inauliza ugonjwa umefika wapi. Nyingine inauliza kama uvimbe unaweza kutolewa kwa upasuaji bila kugusa mshipa mkubwa wa damu au mfupa, au mionzi ielekezwe wapi hasa. Nyingine inakuja baada ya kemo kuuliza kama dawa inafanya kazi. Ukilijua swali lililoandikwa kwenye ile fomu ya kuombea picha, ripoti inasomeka. Usipolijua, kila mstari unatisha.

Hatua si daraja

Kabla ya mashine zenyewe, kuna mkanganyiko unaowakosesha watu usingizi bure. Mtu anaona tarakimu 3 kwenye ripoti ya maabara, anarudi nyumbani akiwaambia watoto yuko hatua ya tatu. Huenda yuko hatua ya kwanza. Ile 3 ni daraja: jinsi seli zinavyoonekana chini ya hadubini, zimekaa kama seli za kawaida au zimebadilika sana na zinagawanyika kwa kasi. Hatua ni habari ya umbali ambao ugonjwa umefika mwilini, na hapo ndipo skani zinapoingia.

Hatua huandikwa kwa herufi tatu. T ni uvimbe wenyewe, ukubwa wake na ulivyopenya. N ni tezi za limfu za karibu, kama zile za kwapani kwa saratani ya titi. M ni kuhamia viungo vya mbali: M0 maana yake hakuna kilichoonekana, M1 maana yake upo. Madaktari wakishaziunganisha hizo tatu ndipo wanapata ile namba ya 1 hadi 4 ambayo watu huisikia. Kwa hiyo hatua ikitajwa kabla picha hazijakamilika, hayo ni makadirio, na yanaweza kubadilika.

Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inawapata wanawake wengi wa kwetu, ina mfumo wake wa hatua. Kwa miaka mingi ilipangwa hasa kwa mikono na macho ya daktari wakati wa kumpima mgonjwa. Mwaka 2018 mfumo huo wa kimataifa ulirekebishwa, ukaruhusu picha zitumike pale zinapopatikana. Hayo maneno ya mwisho ni muhimu. Mama aliyepimwa vizuri na daktari mzoefu katika hospitali isiyo na mashine kubwa ya picha ya MRI hajakosa kupangiwa hatua.

Mashine zinavyotofautiana

Altrasaundi ndiyo ya kwanza kufikiwa, na inadharauliwa bila sababu. Haina mionzi, bei yake ni nafuu, na hospitali nyingi za kaunti wanayo. Inatofautisha vizuri kifuko cha maji na uvimbe mgumu, na inamwongoza daktari wakati wa kuchoma sindano ya biopsi. Kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt, saratani ya mfumo wa limfu, ugonjwa uliotambulishwa kwa ulimwengu na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 nchini Uganda na unaopatikana sana katika ukanda huu wa ziwa wenye malaria, altrasaundi ya tumbo inaweza kumpa daktari habari za kutosha kuanza safari. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto kama huyo hawezi kuwekwa wodini wiki nzima akingoja zamu ya mashine kubwa.

Skani ya CT ni eksirei inayozunguka. Mrija unauzunguka mwili huku kompyuta ikiunda picha za vipande vyembamba vya milimita chache. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971 kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, na Tuzo ya Nobel ya 1979 akaigawana na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyefanya hesabu za msingi. Afrika ina mkono wake humo, ingawa mashine zenyewe zilichelewa kutufikia. CT ndiyo punda wa kazi kwa kifua, ini, tumbo na tezi za ndani. Kwa saratani ya umio, ambayo inawapata wengi Bonde la Ufa, kipande cha nyama huchukuliwa kwa kamera inayopitishwa kooni, kisha CT inatumwa kuuliza kama ugonjwa umeshika koromeo la hewa, umefika kwenye ini au kwenye mapafu.

Mara nyingi CT hupigwa kwa dawa ya kontrasti yenye ayodini, inayodungwa kwenye mshipa wa mkono. Hapa watu hushtuka kwa kukosa kuambiwa mapema. Mwili mzima unapata joto la ghafla, mdomo unakuwa na ladha ya chuma, na unaweza kuhisi kama umejikojolea. Hujajikojolea, na hali hiyo hupita kwa dakika moja hivi. Kipimo cha damu cha kreatinini kinachoombwa kabla yake ni cha kuangalia figo, kwa sababu figo ndizo zitakazoitoa dawa hiyo. Ukiwa unatumia metformini ya kisukari, au uliwahi kuvimba au kubanwa kifua baada ya kontrasti, mwambie mhudumu kabla hujalala kwenye meza.

Jambo dogo lakini linaharibu picha nyingi: mashine huongea. Inaagiza uvute pumzi, uishikilie, kisha upumue, na sauti hiyo mara nyingi ni ya Kiingereza. Dani, yaani bibi, wa miaka sabini kutoka Bondo akiendelea kupumua kama kawaida, picha ya mapafu inatoka na ukungu, na kinundu kidogo kinaweza kupotea humo. Msindikizaji amwombe mhudumu amfanyishe mazoezi kwanza, kwa Dholuo, kwa Kiluhya, kwa lugha yoyote anayoielewa.

MRI haitumii eksirei. Ni sumaku yenye nguvu nyingi, kwa kawaida tesla 1.5 au 3, inayosoma mwitikio wa haidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta ya mwili. Inaipita CT kwa ubongo, uti wa mgongo na viungo vya nyonga kama mlango wa kizazi, tezi dume na sehemu ya mwisho ya utumbo. Ni ya polepole, dakika thelathini hadi saa nzima, ndani ya shimo jembamba lenye kelele za kugonga. Mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini lazima aseme. Hata yule aliyewahi kuchomelea vyuma Jua Kali na kuingiwa na chembe jichoni, aseme.

Skani ya mifupa inatumia kiasi kidogo cha teknishiamu yenye mionzi. Unadungwa, unangoja saa mbili hadi nne, kisha kamera inaonyesha mahali ambapo mfupa unajijenga kwa kasi isiyo ya kawaida. Lakini mfupa hujijenga kwa sababu nyingi: kansa, mbavu iliyovunjika ulipoanguka mwaka jana, goti lenye baridi yabisi.

Halafu kuna PET, ambayo wengi huisikia kama skani inayoona kila kitu. Unadungwa sukari iliyofungwa kwenye florini yenye mionzi, unalala kimya kama saa moja, kisha mashine inatafuta ni wapi sukari imelikwa kwa wingi. Seli nyingi za saratani zina ulafi wa sukari. Ndiyo maana unaambiwa usile kwa takriban saa sita na usifanye kazi nzito siku iliyotangulia, maana misuli iliyochoka nayo hula sukari. Ubongo utawaka kwenye picha, kibofu kitawaka, pengine na moyo. Hayo ni ya kawaida kabisa.

Kwa wakazi wengi wa magharibi PET bado ni safari ya Nairobi, katika vituo kama Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na ile ya Aga Khan, na sababu moja iko kwenye dawa yenyewe. Florini hiyo hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Ungeipakia garini Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, ikifika Kondele saa sita mchana ingekuwa imebaki kama sehemu moja ya kumi. Inatakiwa mtambo wa kuitengeneza uwe karibu na mashine ya kuipigia picha.

PET pia inadanganya, hasa kwetu. Kuitazama ni kama kuutazama mji wa Kisumu usiku kutoka vilima vya Riat: unaona moto unawaka wapi, lakini hujui kama ni jiko la samaki au ni nyumba inayoungua. Kifua kikuu huwaka. Vidonda vinavyopona baada ya upasuaji huwaka. Tezi za limfu za mtu anayeishi na virusi vya ukimwi zinaweza kuwaka. Upande wa pili, baadhi ya saratani, zikiwemo nyingi za tezi dume, haziwaki kwa sukari hii. Ndiyo sababu daktari makini, akiona doa jipya linalowaka mahali pasipotarajiwa, atataka sindano iingie hapo kabla ya kumwambia mgonjwa kuwa sasa yuko hatua ya nne. Ukiona anataka kukurudisha biopsi kwa sababu hiyo, hakuzungushi.

Ripoti moja, mstari kwa mstari

Tuseme ni mama wa miaka 54 anayeishi Nyalenda. Ana saratani ya titi la kushoto, tezi za kwapani zinashikika, na ametumwa CT ya kifua na tumbo. Ukiiweka ripoti yake kwa Kiswahili, inasema hivi: "Uvimbe wa milimita 34 kwenye titi la kushoto. Tezi mbili za kwapa la kushoto, kubwa ina milimita 16 kwa kipenyo kifupi. Kinundu cha milimita 4 chenye chokaa, sehemu ya juu ya pafu la kulia. Kifuko cha maji cha milimita 12 kwenye ini. Kuchakaa kwa pingili za mgongo. Hakuna ushahidi wa kusambaa mbali."

Mwanawe anaisoma kwenye simu, anahesabu sehemu tano zenye tatizo, anaanza kulia. Tuipitie taratibu.

Mistari miwili ya kwanza ndiyo kansa tunayoijua. Milimita 34 inaangukia T2, inayoanzia zaidi ya milimita 20 hadi 50. Tezi hupimwa kwa kipenyo kifupi, na chini ya milimita 10 kwa kawaida haihesabiwi kuwa imevimba. Hii ya 16 imevimba, na kwa kuwa iko upande uleule wa uvimbe, inashukiwa. Uthibitisho ni sindano.

Kinundu cha pafuni ni habari nyingine. Chokaa maana yake ni kitu cha zamani kilichopoa, na sehemu ya juu ya pafu ndiyo makazi ya kawaida ya makovu ya kifua kikuu. Katika nchi yetu, mtu mzima anaweza kuwa na kovu kama hilo bila kukumbuka kuugua. Mtaalamu ameliandika kwa sababu ni wajibu wake kuandika anachokiona. Kifuko cha maji kwenye ini ni jambo la kawaida, wengi wanakaa nacho maisha yote bila kujua. Na mgongo uliochakaa ni mgongo wa kila aliyebeba mitungi ya maji tangu utotoni.

Kinundu hicho kingekuwa hakina chokaa, pengine ripoti ingesema "hakiamuliki". Wagonjwa hulichukulia neno hilo kuwa habari mbaya iliyofichwa. Maana yake ni kwamba ni kidogo mno kwa picha kukisemea na kwa sindano kukifikia, kwa hiyo kitatazamwa tena, mara nyingi baada ya kama miezi mitatu. Kikikaa vilevile, ni dalili nzuri. Kikikua huku vingine vikijitokeza, swali linajibiwa.

Mstari wa mwisho ndio unaozua ugomvi nyumbani. "Hakuna ushahidi wa kusambaa, basi kemo ya nini?" Hakuna ushahidi si sawa na hakuna. Uvimbe wa sentimita moja hukadiriwa kuwa na seli kuanzia mamia ya mamilioni hadi bilioni moja. Seli elfu chache zilizotoroka hazionekani kwa CT wala kwa PET. Kemo inayotolewa baada ya picha safi inaziwinda hizo.

Wapo pia wasiohitaji orodha hii yote. Mgonjwa wa saratani ya titi iliyogunduliwa mapema, yenye uvimbe mdogo na tezi safi, bila maumivu ya mifupa wala dalili nyingine, miongozo ya kimataifa haishauri atumwe CT, PET au skani ya mifupa kama desturi. Uwezekano wa kupata kansa iliyosambaa ni mdogo, na uwezekano wa kupata kovu la TB litakalomzungusha miezi miwili si haba. CT ya tumbo na nyonga ina mionzi ya takriban milisiveti 10, ukilinganisha na 2.4 hivi ambazo binadamu hupata kwa mwaka kutoka ardhini na angani. Kwa mwenye saratani faida huzidi hatari hiyo, mradi picha ina swali la kujibu.

Kipimo cha pili ndicho chenye habari

Picha moja inaonyesha hali ya siku moja. Ikilinganishwa na ya miezi mitatu iliyopita, ndipo unajua ugonjwa unaelekea wapi, na hapa ndipo wagonjwa wengi wanapopoteza bila kujua. Alipigwa ya kwanza Kakamega, ya pili Eldoret, CD ya kwanza ilibaki kwa shemeji. Mtaalamu wa Eldoret anaandika "hakuna picha ya awali ya kulinganisha", na swali lililomleta mgonjwa halijajibiwa.

Kulinganisha kuna kanuni zake. Uvimbe mkubwa huchaguliwa, vipenyo vyake vinapimwa na kujumlishwa. Jumla ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, dawa inahesabiwa kuwa imeitikiwa. Ikiongezeka kwa asilimia 20 na pia kwa milimita 5 au zaidi, au uvimbe mpya ukijitokeza, ugonjwa umeendelea. Katikati ya hapo huitwa hali tulivu. Kwa hiyo kutoka milimita 20 hadi 21 si kukua. Kupima mara mbili tu kunaweza kuleta tofauti hiyo. Na kutoka 20 hadi 14, ambayo kwenye karatasi inaonekana kidogo, ni kupoteza karibu theluthi mbili ya ujazo wa uvimbe, kwa sababu kitu cha mviringo hupungua kwa pande zote.

Wakati nao una maana. Picha ikipigwa mapema mno baada ya tiba ya mionzi, nyama iliyochomwa bado imevimba na kwenye PET inawaka. Kwa saratani nyingi za kichwa na shingo husubiriwa kama wiki 12. Kwenye skani ya mifupa kuna kituko kingine: mgonjwa wa tezi dume anaanza dawa, maumivu yanapungua, anakula vizuri, halafu skani inaonyesha madoa yaliyokolea kuliko mwanzo. Inaweza kuwa mifupa inajiziba inapopona. Mwambie daktari unavyojisikia, maana picha haijui kwamba umerudi shambani.

Kabla ya kuondoka kituoni, omba CD yenye picha zenyewe na ripoti iliyotiwa sahihi, ukaulize kama CD inafunguka. Filamu pekee haitoshi kupimwa upya. Pale inapowezekana, picha za kufuatilia zipigwe kwenye mashine ileile, kwa kontrasti ileile. Kama ni SHA, bima ya afya ya serikali, inayolipa, uliza kuhusu idhini kabla ya siku yenyewe, si asubuhi ukiwa umefunga kula. Ukifika kliniki, iwe pale Jaramogi, ambayo wengi Kisumu bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, au Nakuru, au Moi huko Eldoret, muulize daktari: picha hii ilitumwa kujibu swali gani, imejibu nini, na jibu hilo linabadilisha nini kwenye matibabu yangu? Uliza kwa Kiswahili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa.

Na kuna dalili ambazo hazingoji tarehe ya skani iliyoandikwa kwenye kadi. Mgonjwa wa saratani akianza maumivu mapya ya mgongo yanayozidi akilala, miguu ikalegea au kufa ganzi, au mkojo ukagoma kutoka, huenda uti wa mgongo unabanwa. Hapo MRI inatakiwa ndani ya saa 24, na miguu inaweza kuokolewa au kupotea kwa tofauti ya siku moja. Aende hospitali kubwa usiku huohuo, na bahasha yake mkononi.